Napiga dramu bendi ya dansi, ila roho yangu ipo kwa Genesis. Tumjadili Phil Collins mpiga dramu, siyo yule wa nyimbo za machozi

Fimbo Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nyuzi za muziki humu ni nyingi, lakini nyingi ni za nani kamchana nani. Leo naomba tuongee upigaji. Mimi ugali wangu unatokana na dramu: wikiendi bendi ya dansi, katikati ya wiki kopi za hotelini, Jumapili kanisani. Kwenye simu yangu utawakuta Msondo, Franco, Tony Allen aliyekuwa na Fela, na kwaya za Kisabato ambazo dramu hazina kabisa (ndiyo, mpiga dramu naye huchoka na dramu). Lakini ukinilazimisha nibaki na bendi moja tu, jibu halinichukui hata sekunde. Genesis ya Uingereza.

Najua wengi mkisikia Genesis mnamkumbuka Phil Collins, na mkimkumbuka Phil Collins inawajia mizigo ya kuachwa saa sita usiku redioni, au ule wimbo wa katuni ya Tarzan uliompa Oscar. Huyo simkatai, hotelini ananilipa. Ila huyo alikuja baadaye. Wa mwanzo alijibu tangazo la gazeti la Melody Maker mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 19, akaenda kwenye usaili nyumbani kwa wazazi wa Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis wakati ule, akafika mapema. Wakamwambia aoge kwanza kwenye bwawa, zamu yake haijafika. Jamaa akawa anaogelea huku masikio yako ndani ya nyumba, anawasikiliza wenzake wakijaribiwa kwa vipande vilevile. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshavikariri.

Kwa asiyeujua muziki huu: roki ya progresivu ilitoka kwa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa ya 70. Wimbo unarefushwa, unabadilika sura katikati, mapigo hayakai kwenye nne, kinanda kinatamba kama gitaa. Genesis wana wimbo unaitwa Supper's Ready, upo kwenye albamu ya Foxtrot ya 1972, unakwenda takriban dakika 23. Umekula karibu upande mzima wa sahani ya santuri.

Hoja yangu ni moja. Bendi nyingi za aina hii ukizisikiliza unaisikia hesabu. Kwa Collins hesabu ipo na ni ngumu, lakini kiuno hakijui. Mapigo saba, tisa, kumi na tatu, na bado unatikisa kichwa bila kujishtukia. Nataka tujadili anafanyaje.

Karibuni, na wale wa "huu muziki wa wazungu" nao karibuni, viti vipo.

---

Kijana wa Solo

Siti ya mbele. Shusha nondo mkuu, popcorn ninazo.

---

Jiwe Gumu

Mkuu nakuheshimu, ila kuongelea dramu za progresivu bila kuanza na Neil Peart wa Rush, ile bendi ya Kanada, ni sawa na kuongelea solo la dansi bila Mbaraka Mwinshehe. Peart alikuwa anapiga dramu na anaandika mashairi ya bendi. Wimbo wa YYZ, ule mlio wa mwanzo ni alama za Morse za uwanja wa ndege wa Toronto, yaani herufi zenyewe Y-Y-Z zimegeuzwa mapigo. Halafu katikati ya miaka ya 90, akiwa tayari anaitwa mfalme, akaenda kwa mwalimu Freddie Gruber kuanza upya namna ya kushika fimbo. Collins alifanya lini hayo?

---

Fimbo Mbili

Jiwe Gumu, Peart simgusi, marehemu yule nampigia saluti. Tena anayependa kusoma atafute kitabu chake cha safari ya baiskeli kule Kamerun, kinaitwa The Masked Rider.

Tofauti ninayoiona mimi: Peart ukimsikiliza unatamani kumtazama. Kila roli (yale mapigo ya mfululizo) imepangwa, ukienda shoo ya kesho utaikuta palepale ilipokuwa jana. Ni ufundi wa hali ya juu na nimejifunza humo. Collins ukimsikiliza unatamani kuwa mpiga besi wake. Anakuachia nafasi. Sikiliza Firth of Fifth ya 1973, pale solo la gitaa la Steve Hackett linapoingia. Mpiga dramu mwingine angeona dakika zile ni za kuonyesha misuli. Collins anatembea polepole nyuma ya gitaa, kila linapopanda naye anaongeza kidogo tu, na sahani (simbali) zinapofunguka unahisi wimbo mzima umenyanyuka.

Na hapo ndipo ladha yake inapoingia. Ukitaka kumjua mpiga dramu muulize anasikiliza nini akiwa nyumbani. Collins alikua na Motown, ile soul ya Wamarekani weusi. Alimpenda mpiga dramu wa jazi Buddy Rich, akampenda Billy Cobham wa Mahavishnu Orchestra, akawapenda Weather Report. Wakati Genesis wanaimba hadithi za miungu ya Kigiriki, pembeni alikuwa na bendi nyingine ya jazi, Brand X, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976. Baadaye akawachukua wapuliza tarumbeta na saksafoni wa Earth, Wind & Fire, wakapuliza kwenye albamu yake ya kwanza, wakapuliza na kwenye No Reply at All ya Genesis, mwaka huohuo 1981. Mashabiki wa zamani wakanuna. Mimi nikiusikia ule wimbo naona mtu amekaribisha ndugu zake nyumbani kwa mara ya kwanza.

---

Mwanakwerekwe

Bwana we, wazungu na muziki, wetu sisi ni mmoja tu, Freddie Mercury wa Queen, mtoto wa Mji Mkongwe. Hao wengine mtatuambia wenyewe.

---

Kijana wa Solo

Mwanakwerekwe anakuja kila uzi na Freddie wake 😂😂

---

NairobiKaskazini

Niaje wadau. Mimi nitakuwa mkweli, hii Genesis ya zamani ilinishinda. Wale majamaa walitoka Charterhouse, shule ya bweni ya matajiri, na inasikika. Mtu anaimba kama amevaa tai. Kama ni roki ya miaka ya 70 nipeeni Zamrock ya Zambia, WITCH na Amanaz, hapo kuna jasho. Fimbo Mbili nishawishi kama unaweza, buda.

---

Fimbo Mbili

Mkuu wa Nairobi, umesema kweli nusu. Waanzilishi, Gabriel, Tony Banks, Mike Rutherford na Anthony Phillips, ni watoto wa Charterhouse, na bendi ilianzia huko 1967. Lakini Collins hakutoka huko. Baba yake alikuwa mtu wa bima, yeye mwenyewe akiwa mtoto aliigiza jukwaani London kwenye Oliver!, na ujana wake ulikuwa wa kwenda klabu kutazama bendi zinazopiga soul. Ndiyo maana nasema yeye ndiye aliyeleta jasho. Chukua albamu yao ya pili, Trespass, ambayo Collins hakuwepo, kisha chukua Nursery Cryme ya 1971. Waandishi ni karibu walewale. Ghafla muziki una miguu.

Zamrock nakubaliana nawe kabisa. Ile ni ladha nyingine na ina uzi wake.

---

Dada wa Kinanda

Naomba niingie kwa upande wa vinanda maana wapiga dramu mkiachiwa mtajisifu mpaka asubuhi.

Kwenye Supper's Ready kuna sehemu wameiita Apocalypse in 9/8. Dramu, besi na gitaa vimeshika mapigo tisa, vinajirudia vilevile kama mashine ya kukoboa. Sasa Tony Banks juu yake anapiga solo la ogani na hawafuati. Aliamua kupiga kana kwamba yuko kwenye nne. Kwa hiyo anatoka, anawaacha, anazunguka, wanakutana, wanaachana tena. Mwanafunzi akisikia anadhani kuna mtu kakosea. Ukitulia unagundua mvutano ule ndio utamu wenyewe.

Na hapa namtetea Collins ingawa siyo kazi yangu. Kinanda kinapotangatanga namna ile, mpiga dramu mwoga atabana tu kwenye moja ili asipotee. Collins anashika tisa zake na bado anamjibu Banks kwa sahani na snea (ile ngoma ndogo ya mlio mkali). Mimi nimepiga na wapiga dramu wengi wa kanisani. Ukifanya hivyo wanakugeukia na jicho.

---

Fimbo Mbili

Dada wa Kinanda 🙏🏾 hiyo ya jicho imenigusa, sisemi kitu.

---

Kijana wa Solo

Wakuu mnaongea tisa, saba, kumi na tatu kama namba za nyumba. Sisi tuliozoea nne na sita tunaanzia wapi? Mtu anahesabuje saba bila kuanguka?

---

Fimbo Mbili

Dogo, usianze na saba kama saba. Gawa. Sema kwa mdomo: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Ukirudia hivyo mara kadhaa utaona mwili unaikubali, ile tatu ya mwisho inakuwa kama hatua ndefu kidogo. Halafu weka Dance on a Volcano, wimbo wa kwanza wa albamu ya A Trick of the Tail, 1976. Usipige, tembea nao tu chumbani.

Ukishauzoea nenda nusu ya pili ya The Cinema Show, ya 1973. Ile ni saba ndefu, inakwenda dakika kadhaa bila mtu kuimba, ni Banks, Rutherford na Collins peke yao. Hapo ndipo utaona ninachosema kuhusu kiuno. Hai-hati (zile sahani mbili za kukanyagia) inakimbia laini, snea inaangukia sehemu ambazo hukuzitarajia, na saba ile inageuka mduara. Wapo wanaoipiga saba wakakupa picha ya mtu anayechechemea. Collins hachechemei.

Ya mwisho ni Turn It On Again, 1980. Watu walicheza ule wimbo kwenye kumbi bila kujua wanacheza kumi na tatu. Ukumbi mzima ukipiga makofi, baada ya mzunguko mmoja nusu ya watu wako upande mwingine. Igawe pande mbili, ya sita kisha ya saba.

---

Mtoto wa Chamwino

Mnajisumbua. Njooni Ugogoni muwaone mama zetu wakipiga muheme. Ngoma iko katikati ya mapaja, huku wanaimba, huku mabega yanakwenda upande wake. Mkono mmoja uko kwenye tatu, mwingine kwenye mbili, na mtoto mgongoni kalala. Hakuna anayehesabu moja-mbili-tatu pale. Nyie mnalipia kozi mtandaoni.

---

Fimbo Mbili

Mtoto wa Chamwino nakupigia makofi, na hukuniharibia hoja, umenisaidia. Sisi sikio letu limeshazoea tatu juu ya mbili tangu utotoni, ngomani, vigodoroni, hata kwenye kwaya. Kinachotushinda kwenye progresivu siyo ugumu, ni kwamba moja haijirudii pale tulipoizoea. Ndiyo maana mpiga tumba mzuri wa dansi ukimwekea Los Endos anaidaka haraka kuliko mpiga roki wa nne-nne. Nimeshuhudia kwenye mazoezi.

---

Fundi Mitambo

Naona mnapita mbali na lile ambalo Collins alilibadilisha duniani zaidi ya hizo saba zenu. Sauti ya dramu yenyewe. Mimi ni mtu wa studio, nitaeleza kwa kifupi.

Studio ya Townhouse, London. Kwenye meza ya kuchanganyia sauti ya SSL kulikuwa na maiki ya mawasiliano, ile ya msanii aliye ndani kuongea na fundi aliye nje. Haikuwekwa kwa ajili ya kurekodi. Ilikuwa na kompresa kali mno ili hata mtu aliye kona ya mbali asikike. Siku moja Phil anapiga dramu huku ile maiki iko wazi, kikatoka kishindo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Hugh Padgham akakitia geti: mwangwi wa chumba unavuma kwa nguvu, kisha unakatwa ghafla kabla haujafifia. Wimbo ni Intruder, wa kwanza kwenye albamu ya tatu ya Peter Gabriel, 1980. Gabriel alikuwa tayari ameshatoka Genesis, akamwita rafiki yake aje apige.

Jambo ambalo watu hawalisemi: Gabriel alipiga marufuku sahani zote kwenye albamu ile. Bila lile katazo sauti ile isingetoka vizuri, kwa sababu simbali ikilia inaendelea kulia, geti haipati pa kufunga. Katazo la mwimbaji ndilo lililompa fundi nafasi.

Mwaka uliofuata Phil akaja na In the Air Tonight. Dakika tatu na nusu na ushee hakuna dramu ya kweli, ni mashine ndogo ya dramu ya Roland CR-78 inatekenya, halafu linaanguka lile roli ambalo hata asiyejua jina la wimbo analipiga hewani akiwa kwenye daladala. Baada ya hapo pop ya miaka ya 80 karibu yote ikataka snea ya namna ile.

---

Fimbo Mbili

Fundi Mitambo umemaliza. Niongeze moja la upande wa dramu: zile tamtam za Collins zilikuwa hazina ngozi ya chini. Upande mmoja wazi. Zinatoa sauti fupi, kavu, ina tumbo lakini haina mkia. Ukichanganya na geti ndipo unapata lile anguko. Ukijaribu na tamtam za ngozi mbili unapata kitu kingine, kizuri, lakini siyo kile. Pia anapiga kushoto, seti yake yote imegeuzwa, kwa hiyo ukijifunza kwa video zake ujue mkono unaouona siyo mkono wako.

---

Mzee wa Santuri

Vijana habari zenu. Nimesoma uzi wote, mmenifurahisha. Kuna jambo mnalizunguka bila kuligusa.

Mwaka 1982 huyo Peter Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD, Shepton Mallet, kusini-magharibi mwa Uingereza. Walialika wanamuziki kutoka dunia nzima, wakiwemo wapiga ngoma wa Burundi. Muziki ulikuwa mzuri, hesabu za fedha zikawa mbaya. Wakabaki na madeni makubwa na wadai wakawa wanamwandama Gabriel mwenyewe. Genesis, bendi aliyokuwa ameiacha tangu 1975, wakasema tutakubeba. Tarehe 2 Oktoba 1982 wakapiga naye shoo moja Milton Keynes, mvua inanyesha, Gabriel akaingizwa jukwaani ndani ya jeneza. Collins nyuma kwenye dramu kama zamani, pamoja na Chester Thompson. Hackett akaja mwishoni. Fedha zikaenda kulipa deni na WOMAD ikapona.

Sasa fuateni uzi huo. WOMAD ikaendelea, Gabriel akaanzisha lebo ya Real World, na mwaka 1989 lebo hiyo ikatoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila. Karola imo, Kipenda Roho imo, Muziki Asili Yake Wapi imo. Mwaka 1992 ikafuata Mambo. Mwaka 1996 ikatoka Chibite ya marehemu Hukwe Zawose, mtu wa huko kwenu Ugogoni. Kwa hiyo anayesema Genesis ni mambo ya wazungu yasiyotuhusu, amsikilize Dk. Remmy kisha atafakari shoo ile ya mvua ilikuwa na faida kwa nani.

---

Fimbo Mbili

Shikamoo mzee. Hii nilikuwa naijua vipandevipande, hajawahi kutokea mtu akaifunga hivi. Ile albamu ya 1989 naishi nayo. Dramu na tumba za Matimila zilivyorekodiwa pale unasikia hadi kidole.

---

Mzee wa Santuri

Marahaba mwanangu. Remmy nilimcheza sana, miguu ndiyo inanidai mpaka leo.

---

NairobiKaskazini

Wueh. Hiyo ya deni sikuwa naijua. Sawa, nimefungua Foxtrot, nipe saa moja.

---

Gishora

Amahoro ndugu zangu. Niko Bujumbura, nimeona Burundi imetajwa nikaingia.

Ngoma zetu hizo, watu wa nje wanaona ni kishindo tu cha wanaume wengi. Ziko na mpango. Kuna amashakwe, hizo zinashika pigo moja bila kubadilika. Kuna ibishikizo, zinamfuata anayeongoza. Na katikati kuna inkiranya, ndiyo inatoa amri, kila mpiga ngoma anaingia kwa zamu kuipiga na kucheza. Kwa hiyo kuna wa kushika, kuna wa kufuata, kuna wa kusema. UNESCO waliziandika kwenye orodha ya urithi mwaka 2014.

Genesis sikuwa nawajua. Nimetazama ile video ya wapiga dramu wawili, Collins na yule Thompson, nikacheka peke yangu. Mmoja anashika, mwingine anasema, halafu wanabadilishana. Nimeelewa bila kufundishwa.

---

Fimbo Mbili

Gishora karibu sana ndugu, na asante kwa maelezo hayo, nitayatumia kwa vijana ninaowafundisha.

Hao wawili wana hadithi yao. Gabriel alipoondoka, Collins akawa mwimbaji, ikabidi atafutwe wa kukaa kwenye dramu akiwa mbele. Ziara ya 1976 akaja Bill Bruford, aliyetoka Yes na King Crimson. Bruford ni bingwa, ila hapendi kurudia alichopiga jana, na Genesis ni bendi inayotaka nyumba isimame palepale. Ndipo Collins akamkumbuka Chester Thompson. Alimsikia kwenye albamu ya Frank Zappa, Roxy & Elsewhere, wapiga dramu wawili, Thompson na Ralph Humphrey, kuna roli moja wanalishusha kwa pamoja ambalo lilimnyima usingizi. Akampigia simu, akampa kazi bila kuwahi kuonana naye. Na lile roli? Lipo mwishoni mwa Afterglow kwenye Seconds Out, albamu ya shoo ya 1977, wanalishusha wote wawili. Yaani bosi anaajiri mtu kwa sababu anataka kupiga naye roli moja analolipenda. Huo ndio upenzi wa muziki ninaouongelea.

Jiwe Gumu, ukitaka kumsikia Bruford, albamu hiyohiyo wameacha wimbo mmoja wa mwaka 1976, The Cinema Show. Uweke na ule wa studio, sikiliza watu wawili wakipita saba ileile kila mmoja kwa njia yake.

---

Jiwe Gumu

Nimesikiliza. Bruford snea yake inalia kama chuma, safi sana. Nakubali Collins ni mzito, ila Peart bado kiti cha mbele. Na niwaambie, Taylor Hawkins, mpiga dramu wa Foo Fighters, aliwapenda wote wawili, Rush na Genesis, na Queen wa Mwanakwerekwe pia. Mwaka 2013 yeye na Dave Grohl ndio waliowapokea Rush kwenye Rock and Roll Hall of Fame, wakapanda jukwaani wamevaa mavazi ya Rush ya miaka ya 70 na mawigi. Kwa hiyo mtu anaweza kupenda pande zote bila kupigana.

---

Mwanakwerekwe

Umeona? Queen imefika wenyewe, mimi sijaileta.

---

Dada wa Kinanda

Fimbo Mbili, hujaongelea mwisho wa Collins. Nilimwona kwenye video za karibuni amekaa kwenye kiti anaimba, fimbo hana. Nini kilimpata?

---

Fimbo Mbili

Dada, hapo huwa naruka kwa makusudi.

Ziara ya 2007 aliumia pingili za shingo. Neva zikaathirika, mikono ikaanza kukataa. Mwaka 2010 alitoa albamu ya nyimbo za Motown, Going Back, akawaita baadhi ya wanamuziki wa Funk Brothers, walewale waliopiga Motown halisi, na kushika fimbo tayari kulikuwa shida. Nikiisikiliza ile albamu siisikilizi kama wachambuzi walioandika kwamba ni kopi tupu. Sisi wa kopi tunajua. Kuna siku unapiga wimbo wa mtu kama alivyoupiga yeye kwa sababu ndio uliokufanya ununue fimbo.

Ziara ya mwisho, 2021 hadi 2022, dramu alikaa mtoto wake, Nic, kijana wa miaka 20. Baba mbele kwenye kiti, mtoto nyuma anashusha saba zilezile. Mimi nilikaa nikamsikiliza Nic kwa sikio la ubaya, nikitafuta pa kumkosoa. Dogo anapiga kwa uzito zaidi ya baba, hana ule wepesi wa hai-hati ya 1973, na sijui nani anayo. Lakini anajua pa kunyamaza. Shoo ya mwisho ilikuwa O2, London, tarehe 26 Machi 2022. Peter Gabriel alikuwepo, safari hii ukumbini, siyo jukwaani.

---

Jiwe Gumu

Na Hawkins alikuwa amefariki siku moja kabla, tarehe 25. Wiki ile ilikuwa mbaya.

---

NairobiKaskazini

Nimerudi. Foxtrot mara mbili. Bado wanaimba wamevaa tai, hapo sibadiliki. Lakini ile sehemu ya tisa ya Dada wa Kinanda nimeirudia mara nyingi mpaka jirani amegonga ukuta. Nipe nyingine, na isiwe ya Gabriel.

---

Fimbo Mbili

😂 Pole kwa jirani. Chukua Duke, 1980. Anza na Behind the Lines, halafu iache iende yenyewe mpaka Duke's End. Tai wamevua.

---

Kijana wa Solo

Mkuu, Turn It On Again nimejaribu kwenye pedi ya mazoezi. Sita naipata, saba naipata. Nikiziunganisha mzunguko wa tatu naanguka, kiki inakwenda kwake snea kwake. Tatizo nini?

---

Fimbo Mbili

Unahesabu kwa mguu, dogo. Kiki yako imezoea kurudi kwenye moja kila baada ya nne, kwa hiyo inakuvuta. Weka fimbo chini kwanza. Imba mstari wa gitaa la Rutherford kwa mdomo, uimbe mpaka ukose hamu, hata ukioga. Kisha rudi upige hai-hati peke yake huku unaimba. Usiguse kiki mpaka mstari ule uweze kuuimba huku unaongea na mtu. Halafu anza polepole, spidi ya wimbo iache kwa sasa.

Ukishaweza nitumie sauti hapa tuisikilize wote. Na umwambie mpiga besi wenu aimbe naye, la sivyo utaipata wewe, ataanguka yeye.